Soketi za intaneti za ukutani: kabla ya brandi, pima kina cha boksi

Malalamiko ni yale yale, yatoke Tabata au Mbweni. Nyumba imeshapigwa rangi, faiba imefika, fundi kapima kila soketi kwa testa, taa zote nane zimewaka kwa zamu, kalipwa, kaondoka. Wiki ya pili kompyuta inaonyesha kasi ya megabiti 100 badala ya 1000, au televisheni ya chumbani inakata kila mtu akigusa waya. Lawama zinaanzia kwa kampuni ya intaneti, zinahamia kwa rauta, mwisho zinaangukia kebo. Fungueni skrubu mbili za hiyo soketi muivute taratibu. Mara nyingi mtaikuta kebo imekunjwa kama shati lililosukumizwa kwenye begi, na nyaya mbili tatu zimechomoka nusu kwenye meno ya jeki, kile kipande chenye tundu la kuchomekea waya.

Kilichoponza hapo ni boksi lililozikwa nyuma ya soketi. Ni fupi.

Habari ya daraja la kebo, Cat5e au Cat6, naipita haraka. Kwa nyumba, zote mbili zinabeba gigabiti 1 hadi mita 100. Rangi ya pleti, lile bamba la mbele, ni ninyi na mapazia yenu. Ninalotaka mlishike ni kina cha lile boksi linalozikwa ukutani, kwa sababu ukuta ukishapigwa plasta, ndilo pekee ambalo hamtalibadilisha bila nyundo na patasi.

Boksi zetu ni za kufuata Waingereza: pleti ya milimita 86 kwa 86, ambayo dukani huitwa tatu kwa tatu, na matundu ya skrubu yaliyoachana milimita 60.3. Kwa upana zinafanana zote. Kwa kina kuna la milimita 25, la 35 na la 47. Fundi umeme anapenda la 25 kwa sababu anatindua tofali kidogo, na kwa swichi ya taa linatosha kabisa. Kwa kebo ya data ni balaa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Cat6 ina unene wa kama milimita 6, na haitakiwi kukunjwa kwa nusu kipenyo kinachopungua mara nne ya unene wake, yaani karibu milimita 25. Jeki ya kawaida ina urefu wa kama milimita 30, na sehemu yake ndogo tu ndiyo inayobaki ndani ya unene wa pleti. Kama kebo inatokea nyuma ya jeki moja kwa moja, ongezeni na hiyo kona ya 25: mmeshakula boksi zima la 47. La 25 halipo hata kwenye mjadala. Fundi akikaza skrubu, pleti inasukuma jeki, jeki inasukuma kebo, kebo inagonga ukuta wa nyuma wa boksi, na nguvu yote inaishia kwenye nyaya nyembamba zilizobanwa kwenye meno.

Ndiyo maana testa inadanganya. Fundi anapima jeki ikiwa bado inaning'inia nje, halafu ndiyo anafunga pleti. Mpimishe baada ya skrubu kukazwa, si kabla. Na mkiona kasi imeshuka hadi 100, kawaida waya mmoja au zaidi umeachia. Nyaya nane za kebo ni jozi nne. Mwendo wa 100 hutumia jozi mbili tu, nyaya namba 1 na 2, na 3 na 6. Gigabiti inataka jozi zote nne. Kwa mpangilio wa rangi za nyaya uitwao T568B, jozi za kuangalia kwanza ni ya bluu, iliyo kwenye 4 na 5, na ya kahawia, kwenye 7 na 8.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa bidhaa unaanza na swali moja: nyuma ya pleti inakula nafasi kiasi gani?

Namba moja ni D-Link, pleti na jeki zikinunuliwa kila kimoja peke yake, na jeki iwe ya nyuzi 90. Naipendelea waziwazi wala sioni haya. Jeki ya nyuzi 90 ina meno yake juu ya mgongo, kwa hiyo kebo inashuka sambamba na ukuta, moja kwa moja kutoka kwenye paipu inayopitisha kebo ukutani, bila kupiga kona nyuma. Boksi la 35 linaitosha. Pia jeki ikifa unanunua jeki, pleti inabaki. Inapatikana Kariakoo, inapatikana Luthuli Avenue kule Nairobi, na shimo lake ni lile la kipimo cha kawaida, kistoni, kwa hiyo jeki ya kampuni nyingine kwa kawaida inaingia. Chukueni pleti yenye kifuniko cha springi. Kwa wa Zanzibar, Tanga na Mombasa hicho kifuniko si urembo: hewa ya chumvi inakula miguso, na sisimizi nao wakiona tundu lenye kajoto hawaulizi mwenye nyumba.

Namba mbili, Legrand. Jeki zao zisizohitaji panchi, kile kifaa cha kusukumia nyaya kwenye meno, ni raha kwa asiye fundi: unapanga nyaya kwa rangi, unafunga, meno yanang'ata yenyewe. Nimeziweka ya pili kwa mambo mawili. Jeki za namna hiyo, ziwe za kampuni yoyote, huwa ndefu kuliko za panchi, nyingine zinafika milimita 35 hadi 40, hivyo bila boksi la 47 msizifikirie. Halafu familia yao ya Mosaic inatumia vipande vya milimita 45 kwa 45 vinavyokaa kwenye fremu yake. Ukinunua kipande ukasahau fremu, umenunua pambo.

Namba tatu, Panduit. Ni kazi safi ya ofisini. Lakini jeki zao za Mini-Com zina umbo lake na zinataka pleti zake, kwa hiyo ukishaingia umeingia. Kwa nyumba ya soketi nane, sioni sababu.

Namba nne ni soketi za data kutoka familia ileile ya swichi zenu za umeme, MK, Schneider, Tronic na wenzao. Zinapendeza kwa kufanana ukutani, na kwa wengine hilo ndilo la kwanza. Geuzeni nyuma kabla ya kulipa: kama jeki imeunganishwa na pleti kiwandani, ikiharibika mnatupa vyote, na uelekeo wa kebo mmeshachaguliwa. Kama ina tundu la kistoni, wekeni jeki mnayoitaka.

Zile za bei ya chini kabisa zisizo na jina: za kuning'iniza kalenda.

Kama boksi la 25 limeshazikwa, msikate tamaa bado. Kuna fremu ya plastiki ya kuinua pleti, inakaa kati ya pleti na ukuta na kuongeza kina. Mtahitaji skrubu ndefu zaidi za M3.5. Au wekeni boksi la nje la 86 juu ya lile la zamani. Linatokeza, ndiyo, lakini linafanya kazi. Wanaojenga sasa hivi, semeni 47 kabla ya kutindua na paipu iwe ya milimita 20 au 25, peke yake, isichangie boksi na umeme wa volti 230.

Kufunga kwenyewe: acheni sentimita 15 hadi 20 za kebo ndani ya boksi, si zaidi, maana ziada nayo inakula kina. Menyeni ganda sentimita 3 au 4. Jozi zifunguliwe msokoto kwa milimita 13 tu, kisha zipigwe panchi, upande wenye kisu ukitazama nje ili ukate mkia. Mafundi wengi wanafungua msokoto mpaka kwenye ganda ili rangi zionekane vizuri. Hapo ndipo jozi zinaanza kuingiliana. T568B ncha zote mbili.

Kwa nyumba ya vyumba vitatu: soketi mbili kwenye televisheni ya sebuleni, mbili mezani pa kazi, moja kila chumba, moja darini kwa ajili ya Wi-Fi. Ni nane. Kwa wastani wa mita 18 kila moja mnahitaji kama mita 145, yaani karibu nusu ya katoni ya kebo ya mita 305. Chukueni jeki 10, mbili ni za akiba ya kuharibu.

Na kebo sasa, maana hapa wauzaji wamenichosha. Katoni imeandikwa Cat6, ndani kuna alumini iliyopakwa shaba. Ukiuliza unaambiwa “zote moja, bosi”. Si moja: alumini hukatika ikikunjwa mara chache, na hubanwa vibaya na meno. Kwangueni ncha ya waya kwa wembe. Ikitoa weupe ndani, rudisheni. Pimeni na uzito: katoni ya Cat6 ya shaba tupu, mita 305, inakaribia kilo 12, na ile nyingine unainyanyua kwa mkono mmoja huku unaongea na simu. Mkinunua kwa mita, someni namba zilizochapwa kwenye ganda mwanzo na mwisho wa kipande. Nyingine ni za futi, kwa hiyo futi 100 ni mita 30 na nusu, na kuna maduka yanayokutoza mita 100 kwa kusoma namba hizo hizo. Bei ya kwanza nayo inapangwa kwa kuangalia viatu vyako, na risiti mpaka uombe mara mbili.

Lakini linaloniudhi zaidi ni boksi. Muulize muuzaji kina, atakujibu “tatu kwa tatu”. Kwenye mfuko hakijaandikwa, kwenye rafu hakijaandikwa, na la 25 limechanganywa na la 35 kwenye kiroba kimoja kwa bei moja. Nendeni na rula, mpime kutoka ukingo hadi sakafu ya ndani, boksi moja moja.