Nimetumia gdb kuingia ndani ya Vim: breki, terminali mbili na saa isiyosimama

Naandika Kiswahili kwenye Vim, programu ya kuhariri maandishi, karibu kila siku, na tangu nigundue kwamba kikagua tahajia chake kinakijua Kiswahili (`:set spell spelllang=sw`) sijawahi kukizima. Ila kuna kitu kilikuwa kinanikera. Nikikosea neno, tuseme "habali", nikabonyeza `z=`, naletewa orodha ya mapendekezo ambayo mpangilio wake siuelewi hata kidogo. Siku moja nikasema liwalo na liwe, msimbo wake uko wazi, naingia mwenyewe nione huyu anafikiriaje. Kwa hiyo nikahitaji dibaga, yaani programu ya kusimamisha programu nyingine katikati ya kazi na kuichungulia ndani.

Nilianza vibaya. Nilichukua programu moja kubwa ya kuandikia msimbo, ya vitufe vingi, nikidhani nitabonyeza alama ya kucheza na mambo yatakwenda. Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM 4GB. Feni ikanguruma kama mashine ya kusaga, na Vim ikafunguka kwenye kidirisha chembamba huko chini. Jioni ileile nikaifuta.

Nikarudi kwa mzee gdb, dibaga ya kuandikia amri. Mzee kweli, kazaliwa 1986, na hana sura: ni mstari tu unaosubiri uandike. Wenye Mac za chipu za Apple wao watumie LLDB, dibaga nyingine. Amri za msingi hazitofautiani sana, na sina la kuisema vibaya.

Sasa, kuchagua dibaga ni kazi ya dakika tano. Kuandaa Vim yenyewe ikubali kuchunguzwa ndiko kulikonila wikiendi. Ukikompaili (kugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa) bila kugusa chochote, kompaila hupewa `-O2`, yaani iharakishe msimbo. Matokeo yake, ukipiga hatua moja mshale unaruka mistari sita mbele, unarudi miwili nyuma, na ukiuliza thamani ya kitu unajibiwa `<optimized out>`. Dawa ni kuanza upya bila huko kuharakisha:

`CFLAGS="-g3 -O0" ./configure && make`

Hiyo `-g3` usiidharau. Msimbo wa Vim umejaa makro, yaani vifupisho vinavyopanuliwa wakati wa kukompaili, na bila hiyo gdb haizijui. Jambo jingine: usikimbilie `make install`, maana hatua hiyo huipitisha programu kwenye `strip` na alama zote za uchunguzi zinaondoka. Mimi naiendesha palepale ndani ya `src`, hivi: `VIMRUNTIME=../runtime ./vim`. Ukisahau hicho kipande cha mbele, Vim inaweza isione faili zake za msaada, au ikaokota za toleo la zamani lililomo kwenye mfumo.

Halafu kuna ugomvi wa terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Vim inachora skrini nzima, gdb nayo inaandika kwenye skrini hiyohiyo. Ukiziweka pamoja unapata uji. Nafungua terminali mbili. Ya kwanza ina Vim, ya pili naandika `gdb -p` na namba ya mchakato. Kwenye Ubuntu nilikataliwa mara ya kwanza: `ptrace: Operation not permitted`. Ni ulinzi wa mfumo, haukubali programu imshike mwenzake ambaye si mtoto wake. `sudo sysctl kernel.yama.ptrace_scope=0` inaufungua mpaka utakapowasha tena mashine. Kwenye seva ya kazini msiguse hiyo, tafadhali.

Vim yenyewe ina njia yake pia, `:packadd termdebug`, iliyokuja na toleo la 8.1 mwaka 2018. Unapata madirisha matatu: gdb, programu inayochunguzwa, na msimbo. Ni nzuri, naipenda kwa kusoma msimbo, lakini kuichunguza Vim ukiwa ndani ya Vim kunanichanganya. Mara mbili nimefunga niliyokuwa naifanyia kazi nikidhani ni mgonjwa, yaani ile inayochunguzwa. Kosa langu, si lake.

Breki ya kwanza, yaani mahali ambapo gdb huisimamisha Vim, niliitia kwenye `spell_check`, kipande cha msimbo kinachokagua neno. Usifanye hivyo. Kipande hicho huitwa kwa kila neno kila skrini inapochorwa, basi nikawa nabonyeza `c` (endelea) kama mtu anayechambua mchele. Nikahamia `spell_suggest`, ambayo huamka ukibonyeza `z=` tu, na kutoka hapo nikashuka hadi `suggest_trie_walk` kwenye `spellsuggest.c`. Humo ndimo mapendekezo yanamopikwa.

Na humo ndimo nilimopoteza siku mbili. Nikiwa bila gdb, orodha inakuja imejaa. Nikiwa na gdb, naletewa maneno mawili, au `Sorry, no suggestions`. Nilidhani nimeharibu kitu, nikakompaili upya, nikashusha kamusi upya. Kumbe utafutaji una kikomo cha milisekunde 5000, na ile saa haisimami wakati mimi nimesimamisha programu ninywe chai. Nikiruhusu iendelee, inakuta muda umekwisha na kukata kazi. Jibu lilikuwa kwenye msaada wa Vim muda wote: `:set spellsuggest=timeout:-1,best`. Kama unachunguza kitu chochote kinachopima muda, tafuta saa yake kwanza.

Baada ya hapo raha. `x/s tword` inakuonyesha neno likijengwa herufi kwa herufi, na `p sp->ts_score` bei iliyokwisha kutozwa: kubadili herufi moja ni 93, kuifuta 94, kuongeza 96, kugeuza mbili zilizopishana 75. Nikaelewa. Kwa hesabu hiyo, aliyeandika l mahali pa r hana tofauti na aliyeandika z mahali pa r, wakati sisi tunajua la kwanza ni matamshi ya nusu ya mtaa. Ila kuna bei nafuu ya 33 kwa herufi zinazofanana, inayowashwa na mistari ya `MAP` kwenye faili la viambishi. Nikatengeneza kamusi ndogo yangu, nikaweka `MAP 1` kisha `MAP lr`, nikaipitisha kwenye `:mkspell`, amri ya Vim ya kuunda faili la tahajia, nikarudi kwenye breki ileile na "habali" yangu. 33.

gdb naipa nyota nne kwa tano. Ya tano naizuia kwa sababu ya mwezi wa kwanza, maana haimfundishi mgeni chochote. Ukiwa unasubiri kompaila, andika `:help uganda`: marehemu Bram Moolenaar, aliyeitoa Vim mwaka 1991, alikuwa akiomba anayeipenda achangie watoto wa Kibaale, kusini mwa Uganda. Mimi niliusoma ukurasa huo mzima ile siku ya kukompaili mara ya nne.