Bridgetown Siku ya Ijumaa Kuu: Ushuke au Ubaki Melini?

Haya wapendwa, karibuni tena. Bidhaa ya leo haina boksi wala waranti. Ni kituo kimoja cha safari ya meli ya kitalii: Bridgetown, Barbados, na sisi tumekishukia Ijumaa Kuu. Wengi mmekuwa mkiniuliza kama kuna maana ya kulipia safari ya Pasaka wakati visiwa vyenyewe viko kwenye sikukuu. Jibu ninalo, ila kuna kitu kimeniudhi na nitaanza nacho.

Vyumba, chakula na bwawa la kuogelea naviruka. Video ya San Juan, Puerto Rico, inavyo vyote, pamoja na habari ya viza. Puerto Rico ni ardhi ya Marekani, kwa hiyo kwa pasipoti zetu hakuna njia ya mkato.

Kilichoniudhi ni hiki hapa. Nakisogeza kwenye kamera. Hiki ni kipeperushi cha maduka tulichochomekewa mlangoni jioni, kesho yake tunafika. Ramani ya Broad Street hiyo. Vito, saa, manukato, na kuponi ya zawadi ya bure. Sasa nitafutieni mahali palipoandikwa kwamba kesho ni Ijumaa Kuu. Nageuza upande wa pili. Hamna kitu. Jina la kampuni silitaji, lakini jamani, tarehe hii inajulikana miaka mingi mbele! Mwaka 2027 ni Machi 26, mwaka 2028 ni Aprili 14. Anayepanga ratiba ya meli anaiona kwenye kalenda kama mimi ninavyoiona. Sentensi moja tu ingetosha, wala isingewagharimu wino. Mama mmoja tuliyekuwa naye kwenye lifti alikuwa ameshapanga kununua saa ya mumewe kwa ile kuponi.

Basi, tumeshuka. Na hapa hasira yangu ilianza kuyeyuka, kwa hiyo hii sehemu nitaionyesha yote, msiisogeze mbele.

Unatoka kwenye jengo la abiria, ambamo vibanda kadhaa vilikuwa wazi, unawapita madereva wa teksi wanaokuita kwa upole, unashika barabara ya pwani. Hapo ni Pelican Village, vibanda vya mafundi wa vinyago na vyungu, kimya. Tembea tu. Kama dakika ishirini kwa mwendo wa kawaida uko mjini. Hii sasa ndiyo Broad Street. Sikilizeni... nimenyamaza makusudi. Mnasikia ndege? Siku ya kazi mtaa huu una magari, wachuuzi na abiria wa meli wanaokanyagana. Leo mageti ya chuma yameshuka kila duka, na kwa mara ya kwanza unainua macho juu ya mabango unaona majengo yenyewe: roshani, nakshi za mbao, madirisha ya luva. Mji huu na eneo lake la Garrison, kambi ya zamani ya jeshi la Waingereza, viliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011, na ukiuona mtupu namna hii unaelewa kwa nini.

Mbele pale ni National Heroes Square. Sanamu ya Nelson, yule admirali wa Uingereza, ilisimama hapo tangu 1813, wakaiondoa Novemba 2020, na mwaka uliofuata nchi ikawa jamhuri. Yale majengo ya mawe yenye mnara wa saa ni Bunge. Nilipiga picha hapo bila kichwa cha mtu hata kimoja mbele yangu. Nani kati yenu amewahi kupata picha ya namna hiyo kwenye kituo cha meli?

Kutoka hapo nenda kanisa kuu la St. Michael, la Kianglikana, jengo la 1789. Sikuingia na kamera, ni ibada, tuheshimu. Nilisimama nje. Waumini wanatoka na nguo nyeusi, nyeupe na zambarau, kina mama na kofia zao, wananisalimia mmoja baada ya mwingine. Bibi mmoja akanisimulia desturi ya wazee wao: adhuhuri ya Ijumaa Kuu unavunja yai, ute mweupe unautia kwenye glasi ya maji juani, kisha unasoma umbo litakalojitokeza. Ukiona meli, utasafiri. Ukiona jeneza, ujiandae. Kuponi ya manukato haiwezi kukupa mazungumzo hayo.

Vuka daraja la Chamberlain, pita kwenye tao la uhuru, fuata Bay Street, na kushoto... hapana, samahani kamera ilikuwa upande mwingine, ni kulia kwako: Carlisle Bay. Tazameni rangi ya maji hayo! Fukwe za Barbados ni za umma, huna wa kumlipa kiingilio. Ukitaka kiti na mwavuli ndipo unatoa hela; mimi niliambiwa dola 20. Hapo hapo ukauliza: za Marekani au za Barbados? Maana dola 1 ya Marekani ni 2 za kwao, na kwa teksi vilevile uliza kabla hujafunga mlango.

Sasa ubaya wake. Migahawa mingi ya mjini imefungwa, maana yake na vyoo vimefungwa. Jisaidie melini kabla hujatoka na ubebe maji, jua la pale halina huruma. Daladala zao, zile ZR, zilikuwa za kuhesabu. Ukiwa na mzazi mtu mzima au watoto wadogo usiwatembeze, chukua teksi moja kwa moja hadi ufukoni. Chakula nilikipata kwa shida, ila nilipokipata, mh! Cou-cou, yaani ugali wa mahindi uliosongwa na bamia, na samaki arukaye kwa mchuzi. Nilisahau kurekodi nusu ya sahani, mtaniwia radhi.

Mtaniuliza kuhusu Philipsburg, kule Sint Maarten. Kwa urahisi Philipsburg inashinda, ufuko uko mgongoni mwa mtaa wa maduka. Kwa siku ya sikukuu lakini, mimi nachukua Bridgetown, na ningeichagua Ijumaa Kuu kuliko Jumanne. Bei ndiyo inaniuma. Wiki ya Pasaka safari hupanda, na bakshishi pamoja na ada za bandari huja juu yake. Kama lengo lako ni kununua, usilipe bei hiyo. Tafuta wiki nyingine.

Na msiangalie Pasaka peke yake. Martinique na Guadeloupe hupumzika Agosti 15, Kupalizwa kwa Bikira Maria. St. Lucia na Grenada wana Corpus Christi, sikukuu ya Kikatoliki ya Mwili na Damu ya Kristo, Alhamisi ya siku 60 baada ya Pasaka. Trinidad wana Idd el Fitri, sikukuu ya taifa zima, na huko ndiko nataka kwenda mwakani nikipata nafasi. Wa Mombasa, Unguja na Maskati, niambieni kwenye komenti mngependa niwarekodie nini siku ile.

Jumapili tuko laivu saa tatu usiku za Afrika Mashariki. Ramani ya matembezi haya nimeiweka chini ya video, na vyoo vilivyokuwa wazi nimevitia alama nyekundu.