Simu ya imeili na kuperuzi ukiwa Mwanza: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kila anayeniuliza pale mwaloni Kirumba anunue simu gani ya kazi anaanza na kamera. Sasa kama kazi yako ni kupokea oda kwenye imeili, kufungua PDF na kuperuzi, kamera ya nini? Angalia RAM, ile kumbukumbu ya muda inayoshikilia unavyovitumia kwa wakati huo. Mimi nashughulika na karatasi za dagaa wanaoenda Kongo, mchana kutwa niko juani na ankara inatakiwa itoke saa hiyo hiyo, na hapa naongea kama mtu aliyeshapigwa.

Simu yangu ya kwanza ya kazi ilikuwa na RAM ya GB 2. Siku moja najaza fomu mtandaoni, nimeshafika chini kabisa, wakasema namba ya kuthibitisha imetumwa kwenye imeili, nikatoka kwenye brauza nikaenda imeili nikaikopi ile namba, narudi nakuta fomu nyeupe peee, kama sijawahi kuigusa. Nikajaza tena, ikafuta tena. Nikalaumu mtandao, nikanunua bando jingine, wapi! Kumbe RAM ikijaa simu inafunga yenyewe kile ulichokiacha nyuma, ukirudi ukurasa unashushwa upya, na kila ukishushwa upya bando linaliwa.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni Android ya kawaida yenye RAM ya GB 4 kwenda juu, stoo ya kutunzia mafaili GB 128, 4G na betri ya mAh 5,000 (mAh ni kipimo cha uwezo wa betri). Tecno, Infinix, Samsung za kati, chagua mwenyewe, uzuri wake kioo kikipasuka unazunguka mitaa ya Makoroboi hapa mjini hukosi fundi. Ila muuzaji akikwambia "hii ni GB 8 bosi" geuza boksi usome, ukikuta 4+4 ujue RAM ya kweli ni nne, hizo nyingine ni stoo inaazimwa na spidi yake ni ya chini. Halafu toka nayo nje usimame juani, maana dukani kwenye kivuli kila kioo kinang'aa.

Namba mbili kishikwambi cha inchi 8, lakini kiwe na sehemu ya laini. Cha Wi-Fi peke yake kitakulazimisha uwashe hotspot kwenye simu mchana kutwa, saa tisa simu imekata chaji na kishikwambi nacho kinakutazama tu. Kwa kusoma PDF ndefu hakuna kinachokishinda, nimekiweka pili kwa sababu hakiingii mfukoni na kuandika umesimama ni mateso. Vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 vikagawiwa walimu, ukiona mtu anakuuzia chenye alama ya serikali mgongoni, mwachie, hiyo ni kesi.

Tatu, iPhone ya mtumba. Najua nitatukanwa. Imeili inaenda laini sana, lakini angalia namba yake: iPhone 7 iliishia iOS 15 (iOS ndio mfumo wa iPhone), iPhone 8 na X ziliishia iOS 16, na programu zinavyozidi kudai mfumo mpya utaanza kufungiwa mlango mmoja mmoja. Betri ya iPhone 8 ni mAh 1,821 tu, yaani Nyegezi hadi mjini na kurudi unaanza kutafuta soketi. Ingia Settings uone afya ya betri, ikiwa chini ya asilimia 80 omba upunguziwe, na hakikisha akaunti ya mwenye nayo wa zamani imetolewa mbele ya macho yako, la sivyo umenunua kimeo cha kuwekea mlango usijifunge.

Namba nne ni Android Go, yaani Android nyepesi, za RAM ya GB 2, za kusoma imeili moja moja zinafaa, fomu ndio hiyo niliyokwambia. Vitochi vyenye intaneti mwisho kabisa, chaji inakaa siku nyingi ila kujibu imeili ndefu kwa vile vitufe, mh.

Kabla hujatoa hela: bonyeza *#06#, chukua ile IMEI, namba ya utambulisho wa simu, uitume kwa SMS kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikirudi aina tofauti na uliyoshika mkononi, rudisha. Kama ya mtumba imetoka Marekani weka laini yako mwenyewe humo, zingine zimefungiwa mtandao wa huko. Kisha jaribu la mwisho, fungua kurasa tano kwenye brauza, nenda imeili, fungua kiambatanisho, rudi ukurasa wa kwanza. Ukianza kujishusha upya, jibu umelipata. Muuzaji akinuna anune, hela ni yako. Ila ukimaliza toa akaunti yako, usimwachie imeili yako dukani.

Nyumbani ingia kwenye Gmail uzime picha zisijifungue zenyewe, bando litapumua. Zile GB 15 za bure zinagawana na Drive, stoo ya Google ya mtandaoni, na picha zako za Google, ukijaza video za harusi ya binamu yako imeili za wateja zitaanza kurudishwa, na wao watadhani umewachunia. Kwa kusoma habari tu tumia Opera Mini inabana kurasa, mambo ya benki fanyia brauza ya kawaida.

Na kwa wanaovuka kwenda Ukerewe, fungua barua unazozihitaji kabla meli haijang'oa nanga, ili mtandao ukikata njiani uwe nazo.