Kamera ya zamani, draiva ya gspca na fundi aliyesema imekufa

Nianze na hukumu, ili asiye na muda aishie hapa. Kamera ya kompyuta ya zamani yenye chipu ya kampuni ya PixArt inafanya kazi kwenye Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows. Aliyekuambia imekufa bila hata kufungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, amekudanganya. Mimi nimedanganywa hivyo kwa sauti, mbele ya wateja wengine, na kijana ambaye hakuitikia hata salamu yangu.

Nina steshenari hapa Morogoro. Natoa kopi, naprinti, najaza maombi ya vyuo na ya ajira. Siku hizi watu wanaitwa usaili kwa video, na mtu ambaye simu yake imepasuka kioo anakuja kwangu, anakaa kwenye ile kona yenye pazia, anafanya usaili wake kwa heshima. Kompyuta ya kona hiyo ni ya mtumba na inaendeshwa na Linux, kwa sababu Windows mpya haiiwezi na ile ya zamani ilikuwa inajaa virusi vya flashi za wateja. Kamera nilipewa pamoja nayo. Ni kile kidude cha duara cha kubana juu ya skrini, chenye CD ya draiva (programu za kuifanya kompyuta ielewane na kifaa) za enzi za Windows XP.

Mwishoni mwa masika kompyuta ya awali, ambayo ndiyo ilikuwa na kamera yake ndani, iliungua kwa umeme kukatika na kurudi. Binti mmoja alikuwa na usaili wiki ile. Nikaichukua hii kamera ya zamani na, kwa haraka niliyokuwa nayo, nikaipeleka kwa fundi kwenye duka kubwa la kompyuta ili anithibitishie tu kama ni nzima.

Nikasalimia. Kimya. Kijana umri wa mwanangu wa mwisho, shikamoo hana, anatazama simu. Akaichomeka kamera kwenye kompyuta yake ya Windows, ikaandika kifaa hakijulikani, akaichomoa. Akasema, "Mama, hii imekufa. Nunua mpya, tunazo." Nikamwambia nitaitumia kwenye Linux. Akacheka, akamgeukia mwenzake: "Eti Linux. Hiyo si ya wadukuzi?" Halafu akanidai shilingi elfu tano za kuangalia. Nikalipa kwa sababu foleni ilikuwa nyuma yangu na nilikuwa natetemeka kwa hasira.

Kuangalia nini? Hakusoma namba ya kifaa. Namba hiyo ndiyo kila kitu kwenye kamera hizi! Jina lililochapwa juu ya plastiki halina maana, maana kampuni nyingi zilinunua chipu ileile na kubandika majina yao. Niliporudi dukani kwangu nikachomeka, nikaandika `lsusb`, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, ikaja 093a:2620. Hizo tarakimu nne za mwanzo, 093a, ni PixArt. Nne za mwisho zinasema ni jamii ya chipu iitwayo PAC7302. Nikaandika `sudo dmesg | tail`, inayoonyesha taarifa za mwisho za mfumo, na hapo Linux yenyewe ilikuwa imeshaleta draiva za familia ya gspca bila kuombwa: gspca_main, kisha gspca_pac7302, na chini yake kifaa kimepewa nafasi /dev/video0. Hakuna CD, hakuna kupakua kitu. Kamera "iliyokufa" ilikuwa imetambuliwa kabla sijakaa vizuri kwenye kiti.

Nataka watu wajue draiva hii ilitoka wapi, kwa sababu nilipoisoma historia yake hasira yangu kwa yule kijana iliongezeka. Gspca ilianzishwa na Michel Xhaard, daktari wa Ufaransa aliyekuwa anaandika programu kwa mapenzi yake, na akafikisha kamera zaidi ya 200 zikitumika kwenye Linux. Kampuni nyingi za chipu hazikutoa maelezo ya jinsi vifaa vyao vinavyozungumza, kwa hiyo watu walikaa na kuchunguza kebo inapitisha nini, baiti kwa baiti. Jean-François Moine akaiandika upya kwa mfumo mpya wa video wa Linux, na mwaka 2008 ikaingia ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, toleo la 2.6.27. Kwenye faili la draiva ya PAC7302 kuna jina la Thomas Kaiser pia, na kuna maelezo yanayosema wazi kwamba kazi za rejista kadhaa (vijisanduku vya mipangilio ndani ya chipu) zilijulikana kwa kujaribu na kukosea. Watu walijaribu na kukosea, bila malipo, kwa ajili ya kamera za bei rahisi ambazo wenyewe waliozitengeneza walishazisahau. Halafu mtu anayelipwa kwa kazi hiyohiyo anashindwa kuandika neno moja la herufi tano kwenye terminali.

Basi. Nikaweka v4l-utils, zana za kamera za Linux, na qv4l2, programu ya kutazama picha ya kamera, nikaifungua, nikabonyeza kuanza, na uso wangu ukatokea. Rangi zimepauka kidogo, kivuli kina chembechembe, lakini ni uso, unatembea, unaonekana. Kama ningeandika maoni haya dakika ile ningetoa nyota tano na kuweka nukta.

Dakika iliyofuata nikafungua brauza, nikaingia kwenye ukurasa wa majaribio ya mkutano. Kamera hakuna. Nikajaribu brauza ya pili. Inaiona kwenye orodha lakini kioo ni cheusi. Nikarudi qv4l2: uso upo. Nikarudi brauza: giza. Usaili wa binti ni kesho kutwa asubuhi.

Hapa ndipo nilipokasirika na Linux kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliyoitumia. Nilikagua kama jina langu limo kwenye kundi la video, la watumiaji wanaoruhusiwa kutumia kamera, limo. Niliichomoa kamera kwenye kigawanyio cha USB na kuichomeka moja kwa moja nyuma ya kompyuta, jambo ambalo nawashauri wote mlifanye hata hivyo, kwa sababu kamera hizi zinatumia ile USB ya polepole ya megabiti 12 kwa sekunde na zikigawana njia na vifaa vingine picha inakatika au haianzi kabisa. Haikubadilisha kitu.

Tatizo halisi nililiona nilipoandika `v4l2-ctl --list-formats`. Kamera inatoa fomati moja tu, PJPG. Ni JPEG ya PixArt wenyewe, waliyoikaza kwa namna yao, na programu ya kawaida ya kusoma JPEG haiielewi. Na si hilo tu. Kwenye PAC7302 picha inatoka ndani ya kamera ikiwa imelala ubavu, nyuzi 90, na lazima kuwe na mtu wa kuisimamisha. Kerneli haifanyi kazi hiyo, kwa makusudi, kwa sababu watunzaji wake hawataki ubadilishaji wa picha ufanyike ndani ya kerneli. Kazi hiyo ilipewa maktaba ya programu iitwayo libv4l, iliyoandikwa na Hans de Goede mwaka huohuo wa 2008. Libv4l inasoma PJPG, inaigeuza picha isimame, inaikabidhi kwa programu kama picha ya kawaida. Qv4l2 inapitia libv4l, ndiyo maana uso ulionekana. Brauza hazipitii. Zinakwenda moja kwa moja kwa kifaa, zinatafuta fomati chache zinazozijua kama YUYV na MJPEG, zisipoziona zinanyamaza.

Zinanyamaza! Hilo ndilo linaloniuma. Haziandiki "fomati hii siijui". Zinasema kamera haipo, au zinaonyesha weusi, na mtu wa kawaida anaamini kamera imekufa. Kwa maneno mengine, brauza inasema uongo uleule wa fundi. Nilikaa pale saa za usiku nikiwa nimeshika kamera nzima, draiva nzima, maktaba nzima, na katikati yao hakuna anayemsalimia mwenzake. Hapo nilikuwa tayari kutoa nyota moja na kumwambia kila mwenye steshenari anunue kamera mpya, hata kwa kukopa.

Njia ya kutoka ipo, na naiandika kamili kwa sababu mimi niliiokota vipande vipande. Unatengeneza kamera ya bandia ndani ya kompyuta, unaimiminia picha ambayo libv4l imeshaisafisha, na brauza unaionyesha hiyo ya bandia. Weka v4l2loopback-dkms (moduli, yaani kipande cha kuongeza kwenye kerneli, inayotengeneza kamera ya bandia) pamoja na vichwa vya kerneli yako (faili zinazohitajika kuijenga), na zana za GStreamer za kumimina picha. Kisha:

`sudo modprobe v4l2loopback video_nr=10 exclusive_caps=1 card_label="Kamera ya kona"`

`GST_V4L2_USE_LIBV4L2=1 gst-launch-1.0 v4l2src device=/dev/video0 ! videoconvert ! video/x-raw,format=YUY2 ! v4l2sink device=/dev/video10`

Neno GST_V4L2_USE_LIBV4L2=1 usiliache; bila hilo GStreamer nayo inakwenda moja kwa moja kwa kamera na kukwama palepale brauza zilipokwama. Exclusive_caps=1 usiiache pia, baadhi ya brauza haziikubali kamera ya bandia bila hiyo. Na mpangilio ni muhimu: anza kumimina picha kwanza, ndipo ufungue brauza. Ukigeuza, brauza haitaiona kamera, na utadhani umekosea amri.

Nilipofungua ukurasa wa majaribio tena, "Kamera ya kona" ilikuwa kwenye orodha, na uso wangu ulikuwa umesimama wima. Nilimwamsha mume wangu aje aone. Hakuelewa, lakini alikaa nami.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Siku moja kabla ya usaili kompyuta ilijisasisha, ikapokea kerneli mpya. Gspca ilikuja nayo bila shida kwa sababu iko ndani ya kerneli. V4l2loopback haiko ndani, lazima ijengwe upya kila kerneli inapobadilika, na vichwa vya toleo jipya havikuwa vimeshuka. Asubuhi kamera ya bandia haipo. Binti ameshafika, amevaa vizuri, ana faili mkononi, na mimi nasubiri bando la intaneti lishushe vichwa huku namwambia "bado kidogo, mwanangu". Vikashuka, `sudo dkms autoinstall`, amri ya kuijenga upya, ikapita, picha ikarudi, akaingia kwenye usaili kwa wakati. Lakini kama ningekuwa na kompyuta mpya yenye Secure Boot, ulinzi unaokataa vipande vya kerneli visivyo na sahihi inayotambulika, moduli hiyo ingekataliwa mpaka niisajilie ufunguo na kuwasha upya, na asubuhi ile tusingewahi. Kwa hilo siwezi kuitetea njia hii mbele ya mtu ambaye riziki yake inategemea kamera iwake kila saa.

Kwa hiyo hukumu yangu ya mwanzo naigawa. Draiva ya gspca_pac7302 yenyewe naipa nyota tano na ninaipa kwa moyo wote. Safari ya kutoka kwenye draiva hadi kwenye brauza, nyota mbili, na hata hizo mbili ni za waliotengeneza v4l2loopback. Kama unanunua kamera leo, usinunue ya namna hii hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Tafuta yoyote ya jamii ya UVC, ambayo ndiyo kanuni ya pamoja ya kamera za USB. Linux inazo draiva zake tangu kerneli 2.6.26 na brauza zinaelewana nazo bila mpatanishi. Tena ukiwa chini ya taa za tubu ukaona mistari inapanda na kushuka kwenye picha, kwa kamera nyingi za UVC amri `v4l2-ctl -c power_line_frequency=1` inaiweka kwenye hezi 50 za umeme wetu na mistari inapungua au inakwisha. PAC7302 yangu haina kitufe hicho.

Lakini kama kamera ya zamani unayo tayari, na hela ya mpya ndiyo ada ya mtoto, usikubali mtu aitupe. Piga `lsusb`, andika ile namba, tazama `dmesg`, ifungue kwenye qv4l2. Ukiona picha humo, kamera ni nzima na ubishi uliobaki ni wa programu. Usipoona /dev/video0 kabisa hata ukibadilisha tundu la USB, hapo ndipo uanze kuhofia kebo au kamera yenyewe.

Mimi kerneli sasa nazisasisha Jumamosi baada ya kazi, na vichwa vyake nimeviwekea kifurushi kinachovifuata kila toleo, linux-headers-generic kwa walio kwenye Ubuntu au Mint. Tangu hapo haijakatika, na Jumatatu nina vijana wawili wa usaili.