Mfumo ukiganda mwisho wa mwezi: programu ipi ya kufuatilia seva ya kanzidata ununue?

Ukisimamia mfumo wa SACCOS pale Mwanjelwa, au wa hospitali kule Iringa, simu ya tarehe 28 unaijua: "Mkuu, mfumo umeganda, wanachama wamejaa hadi nje." Bosi anataka iongezwe RAM. Mara nyingi mchawi ni swali moja tu ("query", yaani ombi la data ambalo mfumo unaituma kanzidata) lisilo na indeksi, ile orodha inayofanya kazi kama faharasa ya kitabu, na RAM mpya italificha kwa muda, basi.

Grafu za prosesa na diski kila muuzaji anazo, na hata Windows yenyewe inakuonyesha bure. Mimi napanga hizi programu kwa mambo matatu: inanionyesha swali lenyewe? Inasema swali lipi limelizuia jingine likabaki linasubiri? Nikifika asubuhi, naweza kuona kilichotokea usiku?

Namba moja naipa PMM (Percona Monitoring and Management) ya kampuni ya Percona. Ni programu huria, hulipii leseni, na inafuatilia MySQL, PostgreSQL na MongoDB. Utamu wake uko kwenye ukurasa wa uchambuzi wa maswali. Yamepangwa kwa mzigo, linaloila seva liko juu kabisa. Ukilibonyeza, angalia safu (rekodi za jedwali) zilizosomwa na zilizorudishwa. Taarifa ya mwanachama inayosoma safu laki nane ili irudishe kumi na mbili haihitaji seva mpya, inahitaji indeksi. Kwa MySQL, chagua Performance Schema, takwimu ambazo MySQL inajikusanyia yenyewe, kuwa chanzo. Chanzo kingine, logi ya maswali ya polepole, mpangilio wake usipoguswa huanza kuhesabu kwenye sekunde 10, kwa hiyo swali la sekunde mbili linalorudiwa mchana kutwa litakupita hivi hivi.

Toleo la 3, lililotoka mwaka 2025, limeleta jambo ambalo wakaguzi watalipenda: kontena yake (kifurushi ambamo programu inaendeshwa) haihitaji tena mamlaka ya root, yaani ya msimamizi mkuu wa mashine. Nafasi ya diski, kadiria GB 1 kwa kila seva kwa wiki. Kwa kawaida inatunza takwimu za siku 30. Iweke kwenye mashine yake yenyewe. Ukiiweka kwenye seva ileile unayoifuatilia, zitaanguka pamoja na hutajua kilichotokea.

Namba mbili ni vifaa vya kurekodi maswali vinavyokuja na kanzidata yenyewe, ulivyonavyo tayari. SQL Server ina Query Store tangu toleo la 2016, na kuanzia toleo la 2022 huwa imewashwa kwa kila kanzidata mpya. PostgreSQL ina pg_stat_statements. Duka la vifaa la Soweto linalotumia SQL Server Express, toleo la bure, lisinunue chochote, hii inalitosha. Haijawa ya kwanza kwa sababu haitakutumia ujumbe usiku; lazima wewe uende ukaangalie.

Ya tatu ni Redgate Monitor, ambayo zamani iliitwa SQL Monitor. Hii ni ya kulipia, na bei hupanda kadiri seva zinavyoongezeka. Kwa taasisi yenye SQL Server nyingi hela yake inarudi, maana mnyororo wa kuzuiana unauona wote hadi aliyeuanzisha. Wanatoa jaribio la bure. Lianze karibu na tarehe 20 ili likute mwisho wa mwezi. Seva iliyolala haikufundishi kitu.

Datadog, huduma ya kulipia inayofanya kazi kwenye wingu, nimeiweka mwisho, ingawa si mbovu. Bili ni ya dola kila mwezi kwa kila seva, na takwimu zinasafiri kwa intaneti siku nzima. Kwa ofisi ya Njombe inayoishi kwa bando, hapana. Kama kanzidata yako iko kwenye wingu tayari, ipandishe hadi ya pili.

Siku hizi wauzaji wengi wanakuja na akili unde inayopendekeza indeksi. Usiilipie zaidi kwa hilo. Kila indeksi inayoharakisha kusoma inachelewesha kuandika, na msimu wa kahawa Mbozi karani wa AMCOS (ushirika wa wakulima) anaingiza uzito wa mizani kutwa nzima. Pendekezo lijaribiwe kwanza kwenye nakala ya kanzidata.

Na kabla hujaunganisha hata seva moja: mifano ya maswali inayohifadhiwa na hizi programu inaweza kubeba majina na namba za akaunti za wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu. Kwenye PMM mifano hiyo inazimika kwa chaguo la --disable-queryexamples wakati wa kuongeza seva.