Kupiga kambi Ziwa Naivasha: kagua waya kabla ya kutazama maji

Ziwa Naivasha, nchini Kenya, ni mali ya umma, lakini ufuo wake kwa sehemu kubwa umo ndani ya mashamba na viwanja vya watu binafsi. Mtu asiye na mwenyeji huko anaweza kuyafikia maji bila kupita langoni kwa mtu katika mialo michache tu ya wavuvi, kama ile ya Karagita na Kamere, na hiyo ni mialo ya kazi, wala hakuna anayekwenda kupiga hema katikati ya nyavu na mizani. Kwa hiyo mgeni anayelipia nafasi ya hema kando ya ziwa hili analipia mambo mawili makubwa: njia ya kufika majini, na kizuizi kati yake na viboko watokao majini usiku. Mengine yote, kuanzia baa hadi meza za kupigia picha, ni nyongeza, na ni kwa kipimo cha mambo hayo mawili ninavyozipima kambi za ufuo wa kusini, kando ya barabara ya Moi South Lake, ambako ndiko kambi nyingi zilipo. Sitazitaja kwa majina, kwa sababu wasimamizi hubadilika, na kambi iliyokuwa tulivu mwaka juzi huenda leo imegeuka disko.

Nianze na kizuizi. Kiboko hushinda majini mchana kutwa, na giza likishaingia hutoka kwenda kula nyasi. Nyasi anazozipendelea ni fupi na laini, na katika ufuo wote huo hakuna nyasi fupi na laini kuliko zile zinazofyekwa na wenye kambi ili wageni wapate mahali pazuri pa kupiga hema. Hapo ndipo maslahi ya pande mbili yanapogongana. Kambi nyingi hulitatua jambo hilo kwa waya wa umeme unaofungwa chini chini, kimo cha goti au paja, kati ya maji na hema. Waya huo hauui. Humshtua mnyama naye akageuka. Hata hivyo, hufanya kazi kwa masharti yake: umeme uwepo usiku kucha, waya uwe umekazwa, na pasiwe na jani linalougusa. Nyasi mbichi zikiugusa waya, hasa baada ya mvua, umeme huvujia ardhini na kinachobaki ni pambo.

Ukifika kambini, basi, kabla hujatoa pesa, tembea kando ya waya huo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sikiliza kama kile kisanduku kinachousukuma umeme kinatoa mlio wake mfupi, tik, tik, kwa mfululizo usiokatika. Tazama vile vishikio vya plastiki vinavyoushikilia waya kwenye nguzo, kwa kuwa kimoja kikivunjika waya hulegea na kugusa nguzo au nyasi. Uliza pia umeme ukipotea usiku nini hufanyika, na kama jibu ni kwamba umeme haupotei, fahamu kuwa umeulizia mahali ambapo hawajawahi kulifikiria swali hilo. Katika kambi moja nilikuta waya umelala kwenye majani kwa hatua kadhaa, nami nilipomwonyesha msimamizi akaniambia kwa upole mkubwa kwamba viboko wa upande ule wameshawazoea wageni. Kiboko aliyewazoea watu ni wa kuogopwa kuliko yule asiyewazoea, kwa kuwa hana tena sababu ya kukaa mbali. Niliubeba mzigo wangu nikaenda kulala kwingine.

Waya peke yake hautoshi, na hapa askari wa usiku ndiye anayeitofautisha kambi nzuri na ya kawaida. Kambi iliyonipendeza kuliko zote ina mzee ambaye kila jioni hupita kwenye kila hema, tochi mkononi, akitoa maelezo yaleyale bila kuchoka: “Ukitaka kwenda chooni usiku, mama, mulika kwanza kushoto na kulia. Ukiona macho, rudi ndani uite, mimi nitakuja.” Akimaliza anakuonyesha alipo, chini ya taa iliyo karibu na vyoo, ili ujue sauti yako itamfikia. Huduma ya namna hiyo haionekani kwenye matangazo, lakini ndiyo inayomfanya mtu mwenye watoto apate usingizi.

Jambo la pili, njia ya kufika majini, hutegemea ardhi yenyewe, ambayo Naivasha haitulii mahali pamoja. Ziwa hili hupokea maji ya mito ya Malewa na Gilgil, lakini hakuna mto unaotoka humo. Maji hupenya na kupotelea chini ya ardhi, na ndiyo sababu hayakugeuka ya chumvi kama ya majirani zake Nakuru na Elementaita. Mvua zikizidi kwa miaka mfululizo, maji hayana mlango wa haraka wa kutokea, basi hupanda na kuufuata ufuo. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2020, na tena mwaka 2025, ambapo maelfu ya wakazi wa mtaa wa Kihoto walilazimika kuhama nyumba zao. Kambi nazo hazikusalimika. Penye bustani na vyoo vya zamani sasa pana maji, na migunga ya magome ya manjano iliyokuwa ikiwapa wageni kivuli imesimama ziwani, mikavu, ikiwa viti vya ndege aina ya mnandi.

Athari ya hayo kwa mpiga kambi ni ya moja kwa moja. Kambi zilizopoteza sehemu ya mbele zimewasogeza wageni nyuma, kuelekea barabarani, na idadi ya hema wanazozipokea haikupunguzwa kulingana na ardhi iliyobaki. Mwishoni mwa wiki utakuta kamba za hema moja zimepishana na za jingine, na kila anayekwenda chooni usiku huwaamsha majirani kwa kujikwaa. Picha zinazotangazwa nyingine ni za kabla ya maji kupanda; omba utumiwe picha iliyopigwa wiki hiyo, au piga simu uulize kuna hatua ngapi kati ya nafasi ya hema na maji. Tazama pia juu: mti uliofiwa na mizizi yake hudondosha matawi bila upepo mkubwa, nami sipigi hema chini ya mgunga usio na majani, hata kivuli chake kiwe kinavutia vipi.

Udongo wa huko asili yake ni majivu ya volkano. Ukikauka huwa vumbi jepesi lisiloshika kigingi, na vile vigingi vifupi vinavyokuja na hema za bei nafuu hung'oka kwa upepo wa kwanza wa alasiri. Chukua virefu, uvipigilie kwa mlalo. Tena usidanganyike na jua la mchana. Naivasha ndilo lililo juu zaidi kati ya maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya, takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na saa kumi za alfajiri baridi yake humtoa mtu usingizini. Hema za kukodi katika kambi nyingi ni imara vya kutosha, lakini godoro linalotolewa nazo mara nyingi ni jembamba mno, na blanketi ni moja. Nashauri kuja na mfuko wako wa kulalia hata kama hema utaikuta hukohuko, pamoja na kitu cha kutandika chini ya godoro, kwa sababu baridi inayosumbua zaidi ni ile inayopanda kutoka ardhini.

Kuhusu bafu na vyoo sina mengi ya kusema. Maji ya moto hupatikana asubuhi na jioni, mengi yakichemshwa kwa kuni, na anayeamka mapema ndiye anayeoga vizuri. Jikoni kwa kawaida ni banda lenye sinki na mahali pa kuwekea jiko lako. Makaa na kuni huuzwa kambini. Kinachohitaji uangalifu zaidi ni tumbili, ambao wamejifunza kufungua zipu za hema na hawashindwi na kifuniko cha kontena la plastiki. Mbega, wale weusi wenye mkia mweupe, hubaki juu mitini na hawana shari. Chakula kifungie ndani ya gari, na asiye na gari aulize kama kambi ina kabati la kufungwa kwa kufuli, ingawa ni chache sana zilizo nalo.

Safari ya boti ndiyo huduma inayouzwa kwa bidii kuliko zote, na ukiichagua vyema inastahili bei yake. Iende asubuhi. Upepo wa Naivasha huanza kuamka baada ya adhuhuri, na kwa kuwa kina cha ziwa ni kifupi mahali pengi, mawimbi huinuka upesi kuliko mgeni anavyotarajia. Nahodha anayekukubalia safari ya saa kumi jioni bila hata kutazama mbingu anakuonyesha namna anavyoendesha shughuli zake. Jaketi la kuokolea maisha livae ukiwa bado nchi kavu, ufunge kamba zake zote, kisha umwambie mtu alivute juu kutoka mabegani. Likipita masikio, si saizi yako. Watoto ndio wanaopunjwa hapa, kwani boti nyingi hubeba majaketi ya watu wazima pekee.

Kisha kuna magugu maji, yaliyoingia ziwani humo mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambayo hayana makao. Upepo ukigeuka, zulia zima la majani husukumwa likaziba gati la kambi, na boti iliyotakiwa kuondoka saa moja hubaki ikisubiri. Hilo si kosa la mwenye kambi, ila ni vyema malipo yafanyike baada ya kutoka, si kabla. Njiani nahodha atapiga mluzi, atamrusha samaki, na furukombe atashuka kutoka mtini amnyakue mbele ya kamera zenu. Ukitazama kwa makini utaona kwamba kabla ya kumrusha alimpenyezea samaki kipande cha bua la funjo ili aelee. Wageni hulipenda jambo hilo. Mimi naona ziwa lenye zaidi ya aina 350 za ndege, lililoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, tangu mwaka 1995, halihitaji kuchezeshwa sarakasi, na nahodha anayezima injini kando ya mafunjo akanyamaza kwa robo saa hunipa ndege wengi zaidi. Ukitaka kushuka na kutembea kwenye Kisiwa cha Crescent, miongoni mwa twiga na pundamilia, ujue kuwa kiingilio chake ni mbali na bei ya boti, na mwambie nahodha akutajie zote mbili kabla ya kufungua kamba.

Kwa anayekaa zaidi ya usiku mmoja, sababu kubwa ya kuchagua ufuo wa kusini ni Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate, iliyoanzishwa mwaka 1984, ambayo lango lake la Elsa liko karibu kilomita 2 tu kutoka barabara ya ziwa. Ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambazo mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli kati ya wanyama. Baiskeli za kukodi zipo njia nzima. Jaribu breki zote mbili na uinue kiti kifike kimo chako kabla ya kuondoka. Kwenye korongo lililomo mbugani usiingie bila mwongozaji, na mawingu yakitanda, hata yawe ya mbali, usiingie kabisa: Septemba 2019 watu 7 walipoteza maisha humo kwa mafuriko ya ghafla.

Ndani ya mbuga hiyo kuna viwanja vya kambi vya umma, Ol Dubai, Naiberta na Endachata, vinavyosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya, na kwa maoni yangu ndivyo vinavyomfaa mtu anayetafuta usiku wa nyota na kimya. Huko hakuna baa wala muziki. Hakuna pia duka, na maji ya kunywa ni ya kubeba mwenyewe, jambo linalowafaa wenye gari kuliko waliofika kwa matatu ziendazo Kongoni na begi mgongoni. Walio na begi tu wabaki ziwani, ambako matatu hizo huwashusha karibu na lango la kambi.

Limebaki la kelele. Ijumaa na Jumamosi, kambi nyingi za ufuo wa kusini huleta spika, na muziki huweza kuendelea hadi usiku wa manane hata pale ambapo kibao cha langoni kinataja saa ya kunyamaza. Jumapili jioni hadi Alhamisi ufuo uleule huwa tulivu na nafasi za hema ni za kuchagua. Wakati mgumu zaidi ni wiki ya mbio za magari za Safari Rally, ambazo tangu zirejee kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 huendeshwa kutoka Naivasha. Kila nyasi hulaliwa, bei hupanda, na barabara ya ziwa hujaa magari usiku na mchana. Tarehe zake pia hazikai mahali pamoja, kwa kuwa mashindano yaliyozoeleka kufanyika Juni yalihamishiwa Machi mwaka 2025, kwa hiyo asiyekuja kwa ajili ya magari aziulize tarehe hizo kabla ya kuomba likizo kazini.