Mwongozo wa Kununua: Njia za Kuingiza Muziki Mwingi Katika Kicheza Muziki Chenye Nafasi Ndogo

Mpenzi wa taarab au wa muziki wa dansi hugundua upesi kwamba GB 16 za kicheza muziki kidogo hazifiki mbali kama boksi linavyodai, kwa sababu hesabu ya kwenye boksi hufanywa kwa nyimbo fupi za dakika tatu au nne zilizobanwa sana, ilhali wimbo mmoja wa taarab unaweza kufikia dakika 12 na kuzidi. CD huchukua takriban MB 10 kwa kila dakika ya muziki. Faili ya FLAC, ambayo haipotezi chochote cha sauti, hupunguza ukubwa huo hadi kiasi cha nusu, kwa hiyo wimbo wetu wa dakika 12 hubaki na MB 60 hivi, na nyimbo kama 250 tu hukijaza kicheza kizima. Njia zifuatazo nimezipanga kwa kadiri zinavyostahili fedha ya mnunuzi.

Ya kwanza, bila shaka yoyote kwangu, ni memori kadi. Kama kicheza chako kina tundu la kadi ya microSD, nunua kadi kabla ya kufikiria kingine, kwa kuwa ya GB 128 itabeba nyimbo za aina hiyo zipatazo 2,000 bila kugusa ubora wake. Usiongeze fedha kwa ajili ya alama za kasi kama V30 au A2. Zina maana kwa kamera na simu, lakini muziki wa CD hauhitaji hata robo ya MB kwa sekunde, na kadi yoyote halisi ya Class 10, alama ya kasi ya kawaida, inatosha. Angalia kwanza kikomo cha kifaa chenyewe, maana vicheza vingi vya zamani viliundwa kwa kadi zisizozidi GB 32, ingawa baadhi yake husoma kubwa zaidi zikifomatiwa (zikiandaliwa upya kwenye kompyuta) kwa mpangilio wa faili wa FAT32 badala ya ule wa exFAT.

Hatari kubwa iko kwenye kadi bandia, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Kadi yenye GB 8 hupangwa upya ili ijitangaze kuwa na GB 128. Kompyuta huamini, faili hunakiliwa bila malalamiko, na kila kinachozidi GB 8 za kweli hupotea au hufuta kilichotangulia, hata wimbo ukakatika katikati ya ubeti au usifunguke kabisa. Macho hayatoshi kuitambua. Tumia programu ya bure ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, ambayo huijaza kadi yote na kuisoma tena kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichopo. Windows ikikuonyesha GB 119 kwenye kadi ya 128, hujaibiwa: ni tofauti ya namna ya kuhesabu tu. Iwe unanunua Kariakoo au Luthuli Avenue, patana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba kadi ikishindwa kipimo utairudisha, na udai risiti.

Njia ya pili ni kubana faili, nayo inamfaa mwenye kifaa kisicho na tundu la kadi. Haigharimu fedha, inagharimu muda. Mfumo wa Opus, uliosanifiwa mwaka 2012, ukitumika kwa kilobiti 128 kwa sekunde huufanya ule wimbo wa dakika 12 uwe na MB 11 na nusu hivi, na GB 16 zikapokea nyimbo karibu 1,400. Ndani ya daladala, wachache mno wataitambua tofauti. iPod haisomi Opus wala FLAC, hivyo mwenye nayo atumie AAC, mfumo mwingine wa kubana. Programu za fre:ac na foobar2000 hufanya kazi hiyo bure. Bana kutoka kwenye CD au FLAC pekee, kwa sababu MP3 iliyobanwa tena hupoteza mara mbili, na nakala za awali zitunze kwenye diski ya nje. Rekodi za santuri kama zile za Siti binti Saad, zilizoanza kufanywa Bombay mwaka 1928, zina mkondo mmoja wa sauti, kwa hiyo zihifadhi kwa mono. Kagua pia picha za majalada zilizofichwa ndani ya faili: picha ya MB 2 katika kila wimbo, kwa nyimbo 1,000, imekula GB 2 nzima.

Kununua kicheza kingine nakiweka nafasi ya tatu. Apple iliacha kutengeneza iPod mwaka 2022, na iPod Classic ya GB 160 iliyotumika huja na betri na diski ngumu zilizokwisha kuzeeka. Afadhali simu ya zamani ya Android yenye tundu la kadi, ambayo huenda tayari iko kabatini.

Huduma za kusikiliza mtandaoni ni za mwisho. Unalipia usajili na bando, nyimbo ulizopakua hufungwa usajili ukikoma, na rekodi nyingi za zamani za Unguja, Mombasa na Tanga hazimo kabisa.